Shoti Juu ya Buti

Njia ya mwongo ni ndefu. Ya Injinia ilikuwa na mita mia mbili na kumi na nne za nyaya za gari, na dada yake aliujua urefu huo kwa sababu ndiye aliyeipima, akaikata na kuizungushia tepu, akiwa amepiga magoti kwenye baraza la mama yao kwa wiki tano.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, la viti viwili, dogo kama kiatu na kongwe kumzidi fundi wake. Baba yao alilirithisha kwa mwanawe wa kiume, aliyeitwa Injinia kwa kupenda kuvaa kofia ngumu. Kazi yake ilikuwa kuuza mapazia. Binti, mwenye stashahada ya umeme wa magari na miaka kumi na minne ya gereji, aliachiwa sanduku la spana. Nyumbani walimwita Shoti, tangu siku ile ya utotoni alipochomeka uma kwenye soketi, akacheka.

Waringi wa zamani ulikuwa umekwisha. Mpira wa nyaya ulimumunyika mkononi kama biskuti, na upande wa taa za nyuma panya walikuwa wamefanya karamu. Shoti aliutoa mzima, akaulaza barazani kama mgonjwa: uti wa mgongo katikati, mikono ikielekea taa za mbele, miguu ikielekea buti. Kila ncha aliifunga utepe aliouchana kutoka ovaroli lake kuukuu, akaandika: honi, waipa, indiketa kushoto. Kisha akalaza nyaya mpya juu ya zile za zamani, kahawia kwa kahawia, zambarau kwa zambarau. Nyeusi ndizo alizoziheshimu kuliko zote. Nyeusi ni za ethi. Zinaurudisha umeme kwenye bodi ya chuma ya gari ili ufike tena kwenye betri. Umeme, alimwambia binti wa Injinia, aliyekuwa anaolewa Jumamosi, ni kama mume mwema: hata uende wapi, lazima urudi nyumbani. Bi harusi mtarajiwa alisema hayo ataendelea kuyachunguza.

Injinia naye hakukaa bure. Alilikokota gari likapulizwe rangi nyekundu, tabaka tatu, na mpuliza rangi hakubakisha kitu. Alipaka hata ndani ya yale matundu tisa ambamo nyaya nyeusi hufungwa kwa skrubu. Umeme haupiti kwenye rangi. Shoti akaomba akwaruze matundu hayo tisa, kila moja upana wa kifungo cha shati, tena mahali pasipoonekana.

"Sitaki kovu kwenye gari la baba," Injinia alisema.

"Kaka, bila chuma kitupu umeme utarudije?"

"Fundi si wewe? Utatafuta njia."

Umeme ukaitafuta wenyewe. Alhamisi saa nne asubuhi, Shoti alikaza skrubu ya mwisho, akaunga betri, akafungua swichi. Kimya. Kiatu kilikuwa kinambana, akakivua, akaegesha mguu kwenye bampa. Gari lote likawaka. Akaondoa mguu, likazima, akaurudisha, likawaka. Umeme ulikuwa umekuta milango tisa imepakwa rangi, ukaamua kurudi nyumbani kupitia kwa mtu uliyemzoea.

Haukumuuma. Taa za mbele zilimletea joto tumboni, kama la chai ya kwanza. Honi ilimpigisha chafya. Waipa zilimchezesha nyusi. Indiketa ya kushoto ilimtekenya kwapa la kushoto, na ya kulia, la kulia. Kucha za miguu zilimng'aa zote kumi, ile ndogo ikipepesapepesa kwa kuwa aliwahi kuidondoshea jeki. Mama yao alipita na beseni la nguo akamwambia asogee, ameziba kamba, na kama umeme umempata, pasi iko mezani. Shoti akapiga pasi mashuka mawili na gauni la harusi, plagi ikiwa kiganjani na mguu kwenye bampa.

Ijumaa Injinia alijaribu mwenyewe. Alishika bampa kwa mikono miwili, na umeme ukampita kama mgeni anavyompita mtu asiyetambulishwa kwake. Akamjaribu mkwe mtarajiwa. Akajaribu jembe. Akajaribu ndoo ya udongo; taa moja ya nyuma ikajikaza kidogo, ikakata tamaa. Shoti alimletea kipande cha msasa, akaambiwa akirudishe kilikotoka.

Jumamosi muda wa kuondoka ulipofika, bi harusi alitoka na gauni lake lote, akasimama kati yao.

"Baba, chagua. Rangi au shangazi."

Injinia aliliangalia gari. Alijiona ndani ya ule wekundu, amependeza. Akachagua rangi.

Basi Shoti akapanda juu ya buti, pekupeku, na lile gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya kukaa mstari wa nyuma ukumbini. Kutoka nyumbani hadi ukumbini kulikuwa na kona kumi na moja, saba za kushoto. Kwenye kona ya kwanza alijizuia. Kwenye ya pili alicheka hadi bi harusi akageuka, naye akaambukizwa. Kufikia ya tano, wauza viatu walikuwa wameacha viatu wakifuata nyuma, wakicheka bila kuulizana sababu, na mabasi yakawapisha. Injinia alipiga honi kuwafukuza watoto, Shoti akapiga chafya, watoto wakaomba honi nyingine. Askari wa barabarani alisimamisha msafara kuuliza kwa nini mtu ameketi juu ya buti. Aliambiwa huyo ni ethi. Akaandika "ethi" kwenye kitabu chake, akawaruhusu.

Ukumbini stima ilikuwa imekatika, ikabidi spika iungwe kwenye betri ya gari. Gari likasogezwa mlangoni, Shoti akabaki juu yake. Injinia akashika maikrofoni.

"Nyaya zote hizi," alisema, "mita mia mbili na kumi na nne, nimezilaza kwa mikono yangu."

Hata idadi hakukosea. Wageni wakapiga makofi. Shoti alizitazama nyayo zake, na kila neno la kaka yake lilikuwa linapita kwenye mifupa yake kabla ya kufika kwenye spika. Kuinua miguu tu kungetosha. Lakini nyuma ya Injinia bi harusi alikuwa anangoja zamu yake, amekunja karatasi ya hotuba yake. Miguu ikabaki ilipo.

"Sauti mnayoisikia," bi harusi alisema, "inapitia kwa shangazi yangu."

Wageni wakaona ni maneno mazuri ya harusi, wakapiga makofi kwa adabu. Bi harusi akaingiza mkono dirishani, akawasha indiketa ya kushoto, akaiacha. Kicheko cha Shoti kikawa na mapigo, tik, tik, tik. Mpiga ngoma akayafuata, na watu wakacheza hadi jua likashuka kwenye madirisha. Injinia alicheza pia, kofia mkononi.

Picha zilitoka Jumatano. Katika kila picha Shoti alikuwa katikati, mweupe kwa mwanga, anacheka hadi fizi. Wengine wote walikuwa hafifu kama nguo iliyofuliwa sana. Injinia alitokea kama kivuli chenye kofia. Akaibeba albamu hadi gereji, gari likiwa limesukumwa huko na watu wanne. Shoti alikuwa chini ya pikapu ya mteja, miguu nje.

"Umeharibu picha za mwanangu. Uombe radhi, yaishe."

Mkono ukachomoza kutoka chini ya pikapu, ukiwa umeshika kipande cha msasa.

"Rangi haiguswi," Injinia alisema. Akaitia albamu kwapani. "Jumapili nataka kwenda kwa wakwe. Utapanda?"

"Nitapanda. Pita njia yenye kona nyingi."

"Na radhi?"

"Siombi."