Shingo ya Mwalimu Immakulata

Kijiji kizima cha Heru Juu hapakuwa na mwanamke aliyejivunia shingo yake kama Immakulata. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na tangu utotoni alikuwa amebeba kichwani kila kinachobebeka: ndoo za maji, mizigo ya kuni, beseni la mihogo iliyolowekwa likimchuruzikia mgongoni. Alibeba bila kushika, mikono ikiwa huru kuwapungia majirani.

Yoga aliijulia katika kambi ya wakimbizi, alipokuwa mkalimani wa Kirundi katika mradi wa wanawake. Mradi ulipokwisha wakufunzi walikwenda zao, naye akarudi nyumbani na alichojifunza. Akawakusanya wanawake kumi na wawili katika ukumbi wa kanisa, kila Jumamosi saa kumi jioni, wakishatoka shamba na kuoga. Mwanzoni watu walicheka. Mwaka wa pili wanawake walipoanza kusema migongo yao imepona, waliocheka walikuja kuuliza kama kuna nafasi.

Immakulata alifundisha kwa kuonyesha. “Nitazameni mimi,” ndiyo yaliyokuwa maneno yake, kisha anafumba macho na kuanza. Mkao alioupenda ni ule wa kulala chali na kuinua miguu na kiwiliwili juu, mwili ukasimama juu ya mabega. Wanawake waliuita mnara, kwa kuwa ulifanana na ule wa simu kule kilimani.

Jumamosi moja wakaja wageni kutoka ofisi ya kata kutazama. Immakulata akaona hapa ndipo pa kuonyesha. Hakupasha mwili moto, hakulegeza mabega. Alilala kwenye mkeka mtupu akapandisha mnara, akakaa huko juu muda mrefu kuliko siku zote.

“Mwalimu, hapo unapumua kweli?” mgeni mmoja akauliza kutoka mlangoni.

Akageuza kichwa amjibu. Uzito wote ulikuwa mabegani na shingoni, na mara akasikia kitu kimevutika kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye bega. Alishuka vibaya, akatabasamu, akamaliza kipindi. Jumapili kanisani, wakati wa kupeana amani, ilimbidi ageuke mwili mzima kumsalimu aliyekaa kando yake.

“Nimwite yule bibi anayenyoosha shingo?” mumewe, Ndayikunda, akamwuliza.

Immakulata alikuwa karibu kukubali. Lakini alimkumbuka jirani aliyenyooshwa hivyo akakaa mwezi mzima bila kushika jembe. Jumatatu wakaenda hospitali mjini Kasulu, bodaboda ikienda polepole kama imebeba mayai.

Mtaalamu wa viungo aliitwa Fidele, kijana mpole. Alimbonyeza hapa na pale, akamwambia ambane vidole kwa nguvu, akamwuliza kama mikono inakufa ganzi. Haikuwa na ganzi.

“Mfupa uko salama, mama. Msuli ndio umevutika. Nani alikuwekea mzigo namna hii?”

“Nimejiwekea mwenyewe,” Immakulata akasema, akamweleza habari ya mnara.

Fidele hakucheka. Alimwambia asikubali mtu yeyote amnyooshe shingo, aiwekee kitambaa cha moto, alalie mto mwembamba. Asilale kitandani siku nzima. Ageuze kichwa taratibu mpaka pale maumivu yanapoanza, arudi, mara kadhaa kwa siku. Ganzi ikija mikononi, aje siku hiyo hiyo.

“Na wiki sita usibebe kitu kichwani.”

“Wiki sita! Hata ungo?”

“Hata ungo mtupu.”

Hilo ndilo lililomuuma kuliko shingo yenyewe. Ndayikunda alifunga madumu kwenye baiskeli, akawa ndiye anayekwenda kisimani, na wanawake njiani wakageuka kumtazama. “Mwalimu yuko likizo,” akawajibu, akaendelea kusukuma.

Jumamosi ya tatu Immakulata akarudi ukumbini, akakaa kwenye benchi. Hakuweza kuonyesha, basi ilimbidi aseme. Na kwa kuwa alikuwa anasema, ilimbidi atazame. Ndipo alipogundua kwamba miaka miwili hakuwahi kuwaona wanafunzi wake. Ininahazwe alikuwa akiuma meno. Mwingine alipandisha mabega hadi masikioni. Na Kezia, muuza maharage, yule aliyemdhania mvivu, alikuwa akikunja vitenge viwili na kuviweka chini ya mabega yake.

“Kezia, vitenge vya nini?”

“Nikilala chini patupu shingo inabanwa, mwalimu. Mabega yakiinuka hivi, kichwa kikabaki chini, shingo inapata nafasi.”

“Umeanza lini?”

“Tangu mwaka jana. Ulikuwa unafumba macho.”

Immakulata alihisi uso umewaka, kisha, polepole, kitu kingine kikapanda kifuani, kitamu zaidi.

“Njoo mbele,” akasema. “Waonyeshe wenzako.”

Tangu siku hiyo hakuna aliyepanda bila vitenge chini ya mabega. Aliyebeba mzigo mkubwa asubuhi aliegemeza miguu ukutani tu, na hakuna aliyemwona mnyonge. Immakulata naye, wiki sita zilipokwisha, akaanza na nusu ndoo kichwani, na kwa miezi mitatu mnara wake ulikuwa wa ukutani.

Mwezi wa kumi wakaalikwa Kibondo, kwenye mkutano wa vikundi vya wanawake. Mshereheshaji akamtaka mwalimu atangulie kuonyesha.

“Mimi nafundisha,” Immakulata akamjibu. “Wanaoonyesha ni hawa.”

Akasimama kando, akazungumza kwa sauti ya chini, na miguu ya wanawake kumi na wawili wa Heru Juu ikapanda, ikatulia, ikashuka bila hata mmoja kukunja uso. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Mwenyekiti wa Kibondo akaja mbio. “Mwalimu, tunakuomba uje utufundishe.”

“Mnaye tayari,” Immakulata akasema. “Kezia huja kwenu kununua maharage mara mbili kwa mwezi. Mshikeni huyo.”

Kezia akaficha uso kwa kitenge, akicheka. Lakini hakukataa.

Ndani ya basi la kurudi, abiria wa jirani alimwuliza Immakulata wametoka wapi na furaha yote ile. Akageuza shingo bila taabu, akanyoosha kidole viti viwili mbele.

“Yule pale,” akasema, “ni mwalimu wa yoga wa Kibondo. Nimemfundisha mimi, naye akanifundisha.”