Tumbo la Akkus

Vuli ile ukungu ulishuka mlimani kila asubuhi ukakaa kwenye bustani yetu ya matofaa mpaka mchana, na Akkus alitembea ndani yake taratibu, kama aliye usingizini. Alikuwa mbwa wa kuwinda, jike mweupe, mwembamba, wa miguu mirefu. Miaka sita aliwinda sungura nyikani na mume wangu Dosymkhan. Kisha fizi zake zikapauka kama nta. Gauhar, binti anayetibu mifugo pale mjini Talgar, akatuambia kuwa mwili wake unaishambulia damu yake yenyewe. Akatupa vidonge vya steroidi vya kuutuliza mwili huo, akatuonya kuwa vitamtia njaa na kiu.

Baada ya wiki mbili fizi zilipata rangi. Lakini aliyeturudia tulimwona mgeni. Alimaliza ndoo ya maji, akakojolea zulia la sufu la marehemu mama mkwe wangu, akaiba maandazi mezani, akahema kutwa hata baridi ilipoanza. Mgongo ukabaki mifupa, tumbo likaning'inia.

"Dosymkhan, huyo anazaa lini?" jirani yetu Bolat aliuliza akiwa upande wa pili wa ua. "Niwekee mmoja."

Mume wangu akamwingiza Akkus ndani. Tangu siku hiyo hakumtoa tena nje ya lango.

Mimi nilihesabu vidonge, yeye alimlisha mbwa vidonge hivyo ndani ya kipande cha nyama. Asubuhi ya tano baada ya maneno ya Bolat, Akkus hakuinuka. Alitapika povu, akalala akitazama weupe wa dirishani, na macho yake yalikuwa mbali sana.

"Mzee, dawa anameza kweli?"

Dosymkhan akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa vidonge vya siku nne, vimegandamana na nyuzi za sufu.

"Nilitaka awe mwembamba tena," akasema. "Fizi zilikuwa nzuri, Kulyash."

Sikumgombeza. Uso wake ulitosha. Tulimfunga Akkus blanketi, tukapita naye kwenye ukungu hadi kwa Gauhar, mwepesi mikononi kama nguo zilizoanikwa.

Gauhar alimtundikia dripu, akampa dawa kwa sindano.

"Babu, mwili wake ulizoea kuletewa dawa, ukaacha kujitengenezea yake. Ukimkatia ghafla, anaanguka. Tutapunguza, lakini kidogo kidogo, na atakayekwambia lini ni mimi."

"Na tumbo?"

"Tumbo litasubiri. Maji usimnyime hata siku moja. Mtoe nje mara nyingi, chakula mpimie. Na uache kuona haya, mbwa hajui kuwa ni mnene."

Nilicheka. Dosymkhan naye akacheka, huku machozi yakimtoka. Gauhar akatuongezea dawa nyingine, ili kipimo cha ile ya kwanza kiweze kupunguzwa.

Majira yote ya theluji niliwaona kutoka dirisha la jikoni: mzee na mbwa, wanatoka, wanasimama, wanarudi, theluji ikiwafuta na kuwachora upya. Walipita hadi mbele ya nyumba ya Bolat. Kila baada ya wiki mbili tulipima damu. Vidonge viwili vikawa kimoja na nusu, kisha kimoja, kisha nusu.

Matofaa yalipochanua, tumbo lilikuwa limepungua, ingawa mbio hazikurudi. Manyoya mapya yalimwota ubavuni, pale ya zamani yaliponyonyoka, si meupe tena, yana rangi ya moshi. Dosymkhan aliketi naye chini ya maua yanayodondoka, akiyapapasa manyoya hayo kwa kidole kimoja.

"Njoo uguse," akaniambia. "Laini kama ya mtoto."