Kila Mtu na Moja Yake

Nabintu alikuwa ametunga kazi kumi na moja za muziki, na zote zilikuwa zimepigwa na mwanamuziki mmoja tu: kompyuta yake. Kompyuta haichoki, haichelewi, haiulizi chai iko wapi. Lakini tangu afike Kampala kutoka Bukavu, mama huyu alitamani kitu kimoja: kusikia hata kazi moja ikipigwa na watu wanaopumua.

Mungu akampa sisi. Pole yake.

Tulikuwa wanne. Fidla ya kwanza ni Akullo, mwalimu wa muziki mwenye macho ya askari wa barabarani. Viola ni Ochan, na selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ni Ambroise. Fidla ya pili ni mimi, Sifuna, ambaye asubuhi nauza sufuria sokoni Kikuubo na jioni natoa sauti zinazofanana nazo.

Alhamisi hiyo, katika ukumbi wa kanisa kule Naguru, tulikuwa tumepotea mara tisa mahali palepale. Nasema "tulikuwa" kwa adabu tu. Aliyepotea ni mimi.

Sehemu hiyo Nabintu aliitoa kwenye amadinda, ile marimba kubwa ya Waganda. Akullo anapiga nota zake mfululizo, nami natia zangu katikati ya zake, mbiombio, hadi msikilizaji asijue nani ni nani. Kwenye karatasi ni rahisi. Ila mimi nililelewa na kwaya ya Webuye, ambako mwalimu alihesabu kwa rula. Rula ikigonga meza, wote mko kwenye moja, lile pigo la kwanza. Usipokuwepo, inakugonga wewe. Basi kila nilipojaribu kuingia katikati, mguu wangu ulikimbilia moja ya Akullo, na mikono ikaufuata mguu.

"Sifuna," Akullo akasema, "umekuja kunisindikiza?"

"Kwa heshima zote, mwalimu."

"Basi nisindikize ukiwa mbali kidogo."

Helen, mwandalizi wa tamasha la Jumapili, akachungulia mlangoni na simu mkononi. "Nyinyi, saa kumi na moja natuma programu kwa mtu wa kuchapa. Kama hii haishiki, tunaweka nyimbo za ibada tu. Jamani, msinikasirikie."

Ilikuwa saa kumi na nusu.

 Nabintu alianza kukusanya karatasi zake, moja moja, kwa utulivu wa mtu aliyewahi kufungasha nyumba nzima ndani ya begi moja. Utani ukanikauka mdomoni. Utulivu ule naujua. Hata mimi nimewahi kuutumia.

"Mama Nabintu, ngoja kidogo," nikasema. " Hawa watu wa amadinda wanahesabu vipi?"

"Hawahesabu, papa. Wanakaa wanatazamana, marimba katikati. Wa kwanza anaanza. Wa pili anaingia, halafu anamsahau kabisa. Yeye anasikia moja ni yake. Kila mtu iko na moja yake."

"Na hukutuambia?"

"Si niliandika!"

"Umeandika nipumzike, nipige, nipumzike, nipige. Sijaona ulipoandika nimsahau Akullo."

Akaitazama karatasi yangu. "Ni kweli," akasema polepole. "Nilikuwa naandikia kompyuta."

Akakiburuta mwenyewe kiti changu, mimi nikiwa juu yake, hadi magoti yangu yakakaribia ya Akullo.

"Huo mguu ukae kimya," akaniagiza.

Akullo akaanza. Nikaingia na kujiambia: moja ni hii yangu, anayechelewa ni yeye. Kumkazia macho mwalimu Akullo na kuamini kwamba amekosea yeye! Raha hiyo nimeisubiri miaka mitatu. Nota zikashikana. Tukapita pale mahali petu pa aibu, tukaingia kwenye mistari ambayo hatukuwahi kuifikia, Ochan akatokea kwa sauti nyororo, kisha Ambroise akaja na selo kama lori la saruji.

"Acheni!" Nabintu akapaza sauti.

Tukaacha. Nikashusha upinde. "Nimekosea wapi tena?"

"Si wewe. Mimi." Nabintu alikuwa tayari ameshika kifutio. "Hapa Ambroise anamfunika Ochan kabisa. Kompyuta haikuniambia hata siku moja. Mmesikia? Nimekosea!" Alicheka huku akifuta, machozi yakidondokea nota.

Helen alikuwa amerudi mlangoni. "Sasa niandike nini?"

"Andika jina la Nabintu," Akullo akasema bila kugeuka, "na ufunge mlango. Tuna kazi."