Machicha Chini ya Theluji

Delmar Hruska alifariki mwezi wa nne, akamwachia mkewe Lavonne ng'ombe themanini. Kiangazi kikaja na ukame, malisho yakaungua, na nyasi za kukausha zikapatikana chache mno. Kwa hiyo mwezi wa nane, kiwanda cha ethanoli, kinachogeuza mahindi kuwa mafuta ya gari, kilipokuwa na machicha mabichi ya mahindi mpaka hakina pa kuyaweka, Lavonne aliagiza malori sita ya machicha hayo, yawe chakula cha ng'ombe majira ya baridi.

Shemeji yake Verlyn, ndugu wa marehemu, alikuja kutazama.

"Shemeji, huo ni uji! Ukipanda juu na trekta utazama mpaka kofia."

"Ndiyo maana nachanganya na mabua."

"Delmar hakuwahi kufanya hivyo."

"Delmar alikuwa na nyasi, Verlyn. Mimi sina."

Alisaga mabua, akayachanganya na machicha, akashindilia kwa trekta siku mbili. Kisha akafunika lundo zima kwa plastiki na kuligandamiza kwa matairi chakavu, hewa na maji visiingie yakaoza.

Wiki tatu baadaye ilinyesha mvua ya mawe, ikaitoboa plastiki. Lavonne alipoyaona matundu, maji yalikuwa yameingia siku nne nzima. Aliyaziba, lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha. Ng'ombe wake wote walikuwa na mimba, na chakula chenye ukungu kingeweza kuziharibu. Hakumwambia mtu.

Februari, dhoruba ya theluji ilifunga barabara zote za kaunti. Siku ya tatu asubuhi Verlyn alifika na trekta lake, ndevu zimeganda barafu.

"Umebakiwa na marobota mangapi ya nyasi?"

"Manne."

"Hayo ni ya leo tu. Tufungue uji wako."

Lavonne hakusogea. "Plastiki ilitoboka, Verlyn. Tangu ile mvua ya mawe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka, ndiyo. Halafu ningekuja kuziba na wewe." Akamkabidhi koleo.

Waliondoa theluji, matairi, kisha plastiki. Juu palikuwa peusi, pamejaa ukungu, pananuka. Lavonne aliinua koleo. Akachimba hata hivyo. Baada ya kina cha kiganja, koleo likagonga kitu kigumu cha rangi ya dhahabu, kilichotoa harufu kali ya unga uliochachuka. Akachimba pengine, na pengine tena. Kote ni hivyo hivyo: chini ya uozo machicha yalikuwa mazima.

Verlyn alichukua konzi moja, akanusa, akaonja.

"Wee! Tema huko!" Lavonne akapiga kelele.

"Kizuri kuliko mapishi ya mke wangu. Usimwambie."

Wakakwangua yote yaliyooza na kuyatupa mbali, kisha wakajaza mahori ya kulishia. Ng'ombe walisukumana, mvuke ukiwatoka puani, mpaka hapakuonekana ila migongo. Lavonne alikaa juu ya tairi, akacheka huku machozi yakimganda mashavuni.

Verlyn alipoondoka, Lavonne aliingia ndani na kupasha supu moto. Hakuinywa. Adhuhuri ile alilala pale pale mezani, viatu vya theluji vikiwa bado miguuni, usingizi ambao hakuwa ameupata tangu Septemba.