Majembe Kumi na Moja Langoni

Watu wakiniuliza kwa nini wageni hawapandi tena Mbooni kwetu, huwa naanza kwa kulaumu barabara. Uongo mtupu. Mkosaji ni mimi, Kisilu, na nimechoka kuisingizia barabara.

Miaka ya mwisho ya arobaini kilima chetu kilikuwa kimechakaa. Kila mvua ikinyesha, udongo ulishuka mtoni nasi tukiutazama. Ndipo nyumba kumi na mbili tukaunda mwethya, kazi ya zamu kama walivyofanya wazee wetu: leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Mwenye shamba anapika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wenzake wanakuja na majembe, na matuta yanachimbwa kwa nyimbo. Hakuna mshahara. Unachotakiwa kutoa ni mwili wako tu, siku ya mwenzako uonekane kwenye mstari. Aliyeanzisha nyimbo alikuwa mjane aliyelima chini kidogo ya shamba langu, Mama Nthenya. Sauti yake ilitosha kumwamsha mvivu yeyote.

Baada ya miaka miwili matuta yalikuwa yamekizunguka kilima na machungwa yameshika. Jabiri, mwenye duka kule Sultan Hamud, alikuwa akija na lori lake kuchukua matunda. Siku moja akaja na walimu wawili wa Nairobi waliotaka kunyoosha miguu. Walishinda kwetu kutwa, wakala, wakauliza maswali, wakaondoka shingo upande.

"Kisilu," Jabiri akaniambia, "mjini kuna watu wana macho lakini hawana cha kutazama. Nyinyi mnacho. Kaeni mpatane, mimi nitawaleta."

Tukakaa, tukapatana. Mama Nthenya alitoa asali. Wanawake wa bondeni walisuka viondo mbele ya wageni. Jirani yangu Mbuvi aliwapeleka kwenye chemchemi. Mimi niliyekaa juu kabisa, penye upepo, niliwapa chakula na mahali pa kulala. Tuliihamishia mwethya Jumamosi ili wageni waione. Walipita shamba kwa shamba, na kila nyumba ikapata chake. Nasema kweli, sijawahi kuona kilima kikiwa na furaha vile.

Basi mimi nikavimba kichwa. Wageni walilala kwangu, wakaniaga mimi, wakaniandikia barua mimi. Mmoja aliniita mwenye kilima, nami sikumsahihisha. Nikashona shati jeupe.

Jumamosi moja zamu ilikuwa ya Mama Nthenya, na Jabiri alikuwa analeta Mzungu mwenye kamera. Nikamwita Mulei, kibarua wangu, nikampa jembe langu aende badala yangu.

Kasyoka mke wangu alishtuka. "Unatuma mtu kwa mwethya? Si afadhali ungesema uko na homa?"

"Kazi ni kazi," nikamjibu. "Jembe ni jembe."

Nilimtuma Mulei siku hiyo, na zamu mbili zilizofuata. Hakuna aliyelalamika. Walimpa chakula chake na kumshukuru. Ningekuwa na masikio, ukimya ule ungenitosha.

Na siku ile ya kamera nilifanya jambo baya zaidi. Mzungu alisimama nami kwenye tuta la juu akipiga picha mstari ulioimba chini yetu. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hawa wote watu ya nani?"

"Ni watu wangu," nikasema.

Mama Nthenya hakuwa mbali. Aliinua kichwa, akanitazama, kisha akaendelea kuchimba.

Mwezi wa kumi ukafika, mwaka wa hamsini na moja. Zamu ilikuwa yangu. Mtaro wa juu, ule unaokinga maji yasiyavunje matuta yote, ulikuwa umejaa udongo na ulihitaji kuzibuliwa kabla ya mvua. Nilitangaza baada ya ibada ya Jumapili, watu wakaitikia kwa kichwa. Jumamosi Kasyoka aliinjika sufuria kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, ile ya harusi.

Kulipopambazuka nilitoka kuwapokea. Langoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na majembe kumi na moja, yameegemezwa kwenye ua, yamesafishwa yakang'aa. Nilimtambua kila mwenye jembe. La Mbuvi lilikuwa limepinda. La Mama Nthenya lilikuwa na mpini uliofungwa ukanda wa ngozi pale ulipopasuka.

Kasyoka alikuja nyuma yangu akayatazama. "Si ulisema jembe ni jembe?" Kisha akarudi jikoni akaondoa sufuria motoni.

Ningeweza kushuka bondeni saa ile ile, nipige magoti nyumba kwa nyumba. Ilikuwa safari ya nusu saa. Badala yake nilipandwa na hasira, nikasema watu wale wana wivu mtupu, nikaingia mtaroni na Mulei. Tulichimba siku tatu. Hatukufika hata robo.

Mvua ya Novemba haikutungoja. Mtaro ulipasuka, matuta yangu yakaachia moja baada ya jingine, na maji yakabeba udongo wote hadi kwa Mama Nthenya. Asubuhi michungwa yake ilikuwa imezikwa, mizinga imesombwa. Hapo ndipo moyo unaponiuma mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, na aliyelipa alikuwa yeye. Hata siku hiyo sikumwendea. Niliona aibu, na aibu nikaifanya kiburi.

Jabiri alileta wageni mara mbili tu baada ya hapo. Mara ya mwisho alisimama kwenye korongo lililokuwa shamba langu akatikisa kichwa. "Bwana Kisilu, hawa hawakupanda lori langu kuja kutazama shati lako. Walikuja kuona watu wanavyosaidiana. Sasa niwaonyeshe nini?"

Mwaka uliofuata Mama Nthenya alipewa ardhi Makueni, huko kulikokuwa kukifyekwa vichaka ili watu wahamie. Alienda na binti yake bila kuniaga. Nilirudisha majembe kumi, mlango kwa mlango. Kila mmoja aliniambia, "Weka hapo." La kumi na moja likabaki nyuma ya mlango wangu miaka minne, na Kasyoka alikuwa akifagia analizunguka.

Mwaka wa hamsini na sita nililifunga ndani ya gunia nikashuka Makueni. Njia nzima nilikuwa nikijifunza maneno ya kusema. Kabla sijafika nilisikia sauti niliyoijua. Mstari wa watu ulikuwa ukichimba tuta, Mama Nthenya akiimbisha, nywele zimekuwa nyeupe. Kando, chini ya kibanda cha nyasi, wageni walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakila mapapai. Lori la Jabiri lilikuwa limeegeshwa pale.

Nikavua kofia. "Mama Nthenya, nilikukosea. Nimekuletea jembe lako. Naomba nishike mstari leo, hata mwishoni kabisa."

Alilipokea, akapapasa ule ukanda wa ngozi kwa kidole gumba. Hakuwa na hasira. Ningefurahi angekuwa nayo. Akampa binti yake jembe, akanishika mkono, akanipeleka kibandani na kunikalisha kwenye benchi.

"Kaa hapa, baba. Wewe ni mgeni wetu."

"Sikuja kuwa mgeni, Mama."

"Najua," akasema. Akaniwekea sahani ya papai mapajani, akarudi kwenye mstari, na wimbo ukaendelea.

Mwalimu mmoja aliyekaa kando yangu alikuwa akiupigia wimbo ule makofi polepole. Akanigeukia. "Mzee, unawafahamu watu hawa?"

"Zamani," nikamwambia, "nilikuwa nikilima nao."