Sentensi Niliyoiandika Msibani

Usingizi unanikamata saa tisa alasiri nikiwa mezani na kalamu mkononi, jua limejaa dirishani, na sura ya mwisho bado haina hata neno moja. Mhariri ameshanipigia simu mara mbili. Kwa wiki kumi na moja wasomaji wa gazeti wamekuwa wakiifuatilia hadithi yangu ya upelelezi, ya mzee mmoja anayekufa baada ya kula makande ya mchana, na Ijumaa hii wanataka kuambiwa muuaji ni nani. Dalili zote nimezielekeza kwa mpishi. Kumtaja ni kazi ya dakika tano kwa mtu kama mimi ninayejisifu kwamba naandika hata nikiwa na homa, lakini kila nikiinamia karatasi mkono unakuwa mzito, maana mpishi huyo nimemchonga kutoka kwa mtu aliye hai. Anaitwa Namkunda. Alimpikia kaka yangu Elinihaki kwa miaka tisa, na kaka alipofariki ndugu walimfukuza nyumbani hata kabla matanga hayajaanuliwa. Mji wetu wote unajua hadithi yangu inamsema nani. Nikilitaja jina la mpishi Ijumaa, Namkunda hatapata tena mtu wa kumpa hata kazi ya kumenya vitunguu. Nalaza kichwa juu ya mkono, najiambia napumzisha macho kidogo tu, na meza inakuwa barabara.

Ni barabara ya vumbi jeupe, nyembamba, haina mwanzo wala mwisho, nami natembea juu yake kwa viatu vyangu vya msibani, vile vyeusi vinavyobana. Kila baada ya hatua chache inagawanyika, nachagua kushoto, inanirudisha pale pale, nachagua kulia, inanirudisha pale pale, na vidole vinauma vilevile. Mbele yangu anatembea mtu aliyevaa koti refu la kazi, na anapogeuka naona hana uso, pana ulaini mtupu kama yai lililomenywa. Siogopi, na huko kutoogopa ndiko kunakonitia wasiwasi. Namuuliza, samahani ndugu, njia hii inakwenda wapi? Anasema, inakwenda ulikotoka, ila safari hii utaingilia mlango wa uani. Namwambia mimi natafuta mwisho wa hadithi. Anajibu, mwisho hulala kwenye kitanda cha mwanzo, nawe umelala nao na hukuujulia hali. Nakasirika. Miaka ishirini naandika mambo haya, kila Jumamosi nawafundisha vijana, na ni mimi ninayewaambia kwamba mjue kwanza nani kaua ndipo muandike sentensi ya kwanza, na kwamba kila anachokiona mpelelezi msomaji naye akione, asifichwe kitu. Basi nani kaua, ananiuliza. Nasema, mpishi. Anacheka bila mdomo, na barabara inapinda.

Tunaingia mji ambao kuta zake zote ni vioo, na ndani ya kila kioo kuna chumba cha kulia cha kaka yangu. Kitambaa cha meza ni kilekile cha maua ya bluu, sahani ya makande inafuka moshi, kaka ameshika kijiko, anatabasamu, anakula. Natembea, na katika kioo cha pili anakula tena, na cha tatu, na cha mia, na nazidi kutembea kwa sababu nataka kumwona akimaliza na hamalizi. Nimemkumbuka kaka yangu kiasi kwamba nalia palepale njiani bila kuona haya. Huyu ndiye aliyenilipia masomo, aliyesoma kila takataka niliyoandika na kuniambia ni nzuri. Asiye na uso ananisubiri hadi nijifute, kisha ananionyesha kioo kimoja kilichopakwa chokaa. Hiki mbona hakionyeshi? Nasema sijui. Ananiambia, aliyepaka ana chokaa kwenye kucha. Natazama mikono yangu, naificha nyuma, lakini chokaa ya kioo imeshaanza kuanguka yenyewe, na nyuma yake ni asubuhi ya siku ileile, saa moja na nusu. Kaka amekaa kwenye kochi. Mimi nimesimama mbele yake na chupa niliyoipata kwa muuza mizizi wa stendi, aliyeniapia kwamba inashusha presha. Kaka anasema, Mbonea, mimi nina vidonge vya hospitali, nisije nikachanganya. Nami nasema, kunywa bwana, hii ni mizizi tu. Anakunywa yote. Hajawahi kuninyima kitu.

Sijui kama chupa ile ndiyo iliyomuua. Hakuna aliyepima, na sasa hakuna atakayepima. Ninachokijua ni kwamba niliificha, na hapohapo, kana kwamba amelisikia wazo hilo, asiye na uso ananisukuma mgongoni na vioo vinafunguka kwenye uwanja wa nyumba ya kaka, siku ya mazishi. Viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu, na waliovikalia wote hawana nyuso. Kwetu marehemu hashushwi kaburini bila wasifu wake kusomwa, na anayeandika ni yule mwenye kalamu katika ukoo, kwa hiyo niliandika mimi. Karatasi iko mkononi mwangu tena. Nasoma alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliacha watoto wangapi, na ninafika kwenye ile sentensi: siku hiyo marehemu aliamka mzima wa afya, akala makande aliyoandaliwa na mpishi wake, na muda mfupi baadaye akaanza kuugua. Kila neno hapo ni la kweli. Nakumbuka nilipoiandika niliipenda, niliona ina mvuto, kazi yangu haikuniacha hata msibani. Na kama siku ile, vichwa vyote vinageuka kuelekea jikoni.

Jikoni anatoka Namkunda, amejifunga kanga kiunoni, na peke yake kati ya wote hawa ana uso, tena umechoka. Shikamoo baba mdogo, ananiambia, kama alivyozoea kuniita kwa jina la watoto wa kaka. Anasema, makande yale nilikula na mimi, baba mdogo. Watoto walikula. Hilo mbona hukuliandika? Namwambia hakuna aliyeniuliza. Na mimi nani aliniuliza, anasema, zaidi ya nguo zangu kutiwa kwenye kiroba na kutupwa nje ya geti? Halafu anasogea karibu na kushusha sauti, kama mtu anayemsitiri mwenzake mbele ya wageni. Chupa niliiosha mimi. Niliikuta chini ya kochi, nikainusa, nikaiosha, nikanyamaza. Nikasema watoto wameshafiwa na baba, wasije wakamkosa na baba mdogo. Nikajua utasema mwenyewe, si wewe ndiye mwenye maneno? Natamani ardhi inimeze. Nageuka kumtafuta asiye na uso anisaidie, naye ananipa kalamu na kunionyesha ukuta wa kioo uliobaki kati yetu na kaburi. Andika aliyeua, anasema, na ukikosea utakuwa umepatia. Nanyanyua mkono, na ndani ya kioo kuna mimi wawili. Mmoja anaandika mpishi. Mwingine anaandika mdogo wa marehemu. Wote wana haraka, na kalamu naisikia vidoleni lakini siujui mkono ulio wangu.

Baba Eliya. Baba Eliya, simu. Mke wangu Nakijwa ananitikisa bega, jua limehamia ukutani, na mezani hakuna karatasi hata moja. Namuuliza karatasi ziko wapi. Jamani, anasema, si umempa mwenyewe yule wa gazeti, amekuja na pikipiki saa kumi, umemkabidhi mlangoni mkasimama mkaongea. Namwambia nilikuwa nimelala. Umelala wapi, umeandika muda wote, nimekuletea chai hata hukugeuka. Natazama mikono yangu, imejaa wino mpaka kwenye viganja. Viatu vyeusi vinabana miguuni, na sikumbuki kuvivaa. Nachukua simu. Mhariri anazungumza polepole, si kawaida yake. Anasema, Mbonea, nimeisoma sura yako mara mbili, na sikuutarajia mwisho kama huu. Hujawahi kuandika hivi. Nakuuliza mara moja tu, halafu inakwenda mtamboni. Jina hili libaki?

Ningeweza kumuuliza jina gani. Ni swali dogo, la maneno mawili, na mtu aliye macho angeliuliza. Nakijwa amesimama mlangoni akinisubiri, mwanga wa jioni uko nyuma yake, nami namkazia macho na siuoni uso wake. Mhariri anasema haloo, haloo, upo? Nasema nipo. Nasema libaki, na hata sasa, simu ikiwa imeshakatika sikioni, sijui ninaomba liwe jina la nani.