Hina ya Ugbad

Jumatatu asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ndogo upande wa Griftu, muuguzi Ruqiya alikuwa akibadilisha shuka alipoiona hina ya Ugbad kwenye mkono wa mwanamke mwingine. Ugbad alikuwa amefariki Ijumaa kwa homa ya uzazi. Hina yake ilijulikana: ua kubwa kiganjani, petali moja limechorwa vibaya. Sasa ua lile lile, na kasoro yake, lilikuwa kiganjani mwa Maka, ambaye hakupaka hina, na mwili wake ulikuwa wa moto.

Ruqiya alimpa Maka dawa, kisha akaifuata hina. Ilikuwa kwenye kipimajoto na kwenye kitasa cha mlango. Ilikuwa imekolea zaidi kwenye vidole vya daktari Mustafe, ambaye alishinda mikono mifukoni, maana mwanamume mwenye maua ya hina angechekwa sokoni. Ruqiya alipojitazama aliikuta kwake pia. Akaenda kumwuliza Mustafe.

Mustafe alikiri kwamba vijidudu havina miguu, vinabebwa na mikono. Lakini mfereji ulikuwa mkavu tangu msimamizi wa hospitali alipohamishia mota ya pampu nyumbani kwake. Mipapai yake ilikuwa imestawi.

Adhuhuri Kaaha akaletwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Mama yake, Arbia, aliuliza jambo moja tu: kama binti yake atatoka humo akiwa hai. Mustafe akaja haraka. Ruqiya akasimama mlangoni.

“Daktari, kwa huyu huingii na hiyo mikono.”

“Walaal, dada yangu, na maji iko wapi?”

Ruqiya akasimamisha mkokoteni wa punda uliokuwa ukipita na jerikeni za maji. Wakasugua kwa sabuni hadi viwikoni, wakamwaga, wakasugua tena. Hina ilitoka polepole, petali moja moja, ikaelea kwenye beseni. Ruqiya akaimwagia jiki ya kuulia vijidudu, akafuta kitasa na kipimajoto, ndipo wakavaa glovu. Alasiri Kaaha akajifungua msichana. Arbia alivikagua viganja vya bintiye, akavikuta vyeupe, akalia.

Msimamizi alikuja kuangalia beseni. Alikubali kwamba hiyo ilikuwa hina ya marehemu, tena akaisifu. Ruqiya akamwomba mota. Akajibiwa kwamba mota ina kazi. Kisha msimamizi akatoa amri: kuanzia siku hiyo, mama yeyote mwenye hina asipokelewe. Jioni akawatumia wauguzi mapapai.

Mama aliyefuata alikuwa ametoka kwenye harusi ya dada yake, amepakwa hina hadi viwikoni, na uchungu ulikuwa umekaza. Mlinzi akamzuia getini, kama alivyoagizwa. Ruqiya akatoka na beseni, sabuni na shuka safi, akatandika nje ya geti. Mustafe akamfuata na jerikeni, akammiminia Ruqiya maji mikononi, kisha naye akanyoosha mikono yake.